Mwongozo Kamili: Kupanga na Kuboresha Masomo ya Nadharia ya Muziki Mtandaoni kwa Wanaojifunza Gitaa

Masomo mengi ya nadharia ya gitaa mtandaoni hukwama mahali pamoja. Mwanafunzi anatazama video tatu za mwanzo, anajaza daftari majina ya noti, kisha anarudi kwenye zile kodi nne (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) alizozizoea na haonekani tena. Mwulize skeli ya meja ni nini, atakujibu harakaharaka: "toni, toni, nusu toni…" Mwambie aipige kuanzia uzi wa 4, anaduwaa.

Mara nyingi bidii anayo. Kinachomwangusha ni masomo yaliyopangwa kwa mada, kama faharasa ya kitabu, bila kuangalia mkono na sikio lake vimefika wapi. Mwongozo huu ni wa mwalimu aliyekwisha kurekodi masomo na anaona hayafanyi kazi, na pia wa yule anayeanza kuyaandaa.

## Vitu vya kuandaa kabla ya kuanza

- Gitaa lililotuniwa kwa A ya 440 Hz. Nyuzi ziwe nzima. Uzi uliochakaa hupoteza tuni kadiri unavyopanda freti (vijiti vya chuma vinavyoigawa shingo ya gitaa), na mwanafunzi atadhani kosa ni la skeli.
- Simu yenye kamera nzuri ya nyuma, na stendi yenye mkono unaoweza kuinama.
- Maiki moja. Ya USB inatosha. Kama huna, tumia simu ya pili kurekodi sauti peke yake.
- Hedifoni za waya. Zile za bluetooth huchelewesha sauti, na hilo litakusumbua kwenye madarasa ya moja kwa moja.
- Metronomu (kifaa cha kuhesabu mapigo), ya programu au ya mkononi.
- Programu ya kuandika noti na tabulatura (mistari sita ya nyuzi yenye namba za freti). MuseScore ni ya bure na inafanya yote mawili.
- Lahajedwali tupu (jedwali la kompyuta, kama la Excel).
- Wanafunzi watatu wa kujaribia masomo, wasiojua nadharia lakini wanaoweza kubadilisha kodi mbili au tatu bila kusimama.

Kamera ya gharama kubwa haimo kwenye orodha. Picha ya wastani huvumilika, lakini sauti mbaya kwenye somo la muziki haivumiliki.

## Hatua ya 1: Kagua ulichonacho

Fungua lahajedwali, weka safu wima nne: jina la somo; mwanafunzi ataweza kufanya nini akiwa ameshika gitaa; lazima awe anaweza nini kabla; na dakika za somo.

Safu ya pili ndiyo chujio. Jaza kwa vitenzi vinavyoonekana au kusikika tu: apige, aonyeshe, ataje, ahamishe, atofautishe kwa sikio. Usiandike "aelewe" wala "afahamu", kwa sababu huwezi kuviona kwenye video ya sekunde 30 atakayokutumia.

Somo linaloitwa "Utangulizi wa duara la tano" litakushinda kulijaza, na ni dalili kwamba bado si somo. Liandike upya: "Ataje kodi sita za ufunguo wa D (zilizojengwa kwa noti za skeli ya D) na kuzipiga." Hapo pana kazi. Kama somo moja limekupa vitenzi vitatu, ni masomo matatu yaliyobanwa pamoja. Video ya dakika 35 yenye skeli, intavali (umbali kati ya noti mbili) na kodi igawe bila huruma.

Umemaliza hatua hii pale kila mstari unapokuwa na kitenzi kimoja na dakika zisizozidi 10.

## Hatua ya 2: Panga kwa utegemezi

Angalia safu ya tatu. Somo lolote linalohitaji jambo ambalo bado halijafundishwa lisogee chini. Ukifanya hivyo kwa uaminifu, mpangilio wa gitaa hutokea karibu hivi:

1. Namba na majina ya nyuzi, pamoja na kutuni
2. Nusu toni na toni: freti moja na freti mbili
3. Kuhesabu mapigo manne na kuyagawa nusu
4. Noti za uzi wa 6 na wa 5 hadi freti ya 12
5. Skeli ya meja kwenye uzi mmoja
6. Namba 1 hadi 7 badala ya majina
7. Intavali nne: tatu ya maina, tatu ya meja, tano, oktava
8. Kodi ya noti tatu: imejengwa na nini
9. Kodi za ufunguo mmoja
10. Kapo (kibanio cha nyuzi shingoni) na kuhamisha ufunguo
11. Ufunguo wa maina unaoshirikiana noti na meja
12. Kodi ya saba (yenye noti nne, kama D7) na kwa nini inavuta kurudi nyumbani, kwenye kodi ya 1

Walimu wengi watashangaa kuona usomaji wa noti kwenye mistari mitano haumo. Unafaa, lakini ufanye uwe kozi ya pembeni. Kwenye gitaa noti moja hupatikana sehemu kadhaa: E ya uzi wa 1 ulio wazi iko pia kwenye freti ya 5 ya uzi wa 2 na freti ya 9 ya uzi wa 3. Anayeanza akipewa mistari mitano na shingo ya gitaa kwa pamoja anapambana na ramani mbili kwa mpigo. Isitoshe, muziki wa gitaa huandikwa oktava moja juu ya unavyosikika, jambo linalohitaji maelezo yake.

Mapigo nimeyaweka nafasi ya tatu kwa makusudi. Yakiachwa mwisho, mwanafunzi anafika somo la tisa akiwa na skeli zote kichwani na hawezi kuzipiga pamoja na mtu mwingine. Kuanzia somo la 3, hakuna zoezi lisilo na metronomu.

Modi nazo (skeli ileile ikianzia noti nyingine), ambazo watu huzipenda kwa majina yake ya Kigiriki, zingoje mpaka mwanafunzi aweze kupiga kodi za funguo tatu bila kuangalia karatasi.

Tahadhari ya uzi wa 2. Kutoka uzi mmoja kwenda wa jirani kuna nusu toni 5, isipokuwa kati ya uzi wa 3 na wa 2, ambako ni 4. Kila umbo linalovuka hapo husogea freti moja. Oktava ya noti iliyo uzi wa 6 iko uzi wa 4, freti mbili mbele. Ya uzi wa 5 iko uzi wa 3, freti mbili mbele pia. Ya uzi wa 4 iko uzi wa 2, lakini freti tatu mbele, na ya uzi wa 3 iko uzi wa 1, freti tatu vilevile. Lisemwe wazi kwenye somo la 7. Asiyeambiwa huona umbo limeharibika na kudhani amekosea yeye.

## Hatua ya 3: Funga msamiati kwenye karatasi moja

Masomo yaliyorekodiwa kwa miezi tofauti huwa na majina tofauti ya kitu kimoja. Andika karatasi moja ya maneno, uitii kwenye kila video, na uifanye ipakuliwe na kila mwanafunzi.

Majina ya noti yawe herufi: C, D, E, F, G, A, B. Nafasi ndani ya skeli iwe namba, 1 hadi 7. Kuna wanafunzi wengi waliopitia kwaya, na kwao "do" huhama na ufunguo: kwenye G, do ni G. Hawa wanakuja na hazina kubwa, usiibomoe. Waambie mara moja tu kwamba namba 1 ndiyo do yao, 5 ndiyo so, na wataendelea haraka kuliko wenzao. Kibaya ni kuita C "do" siku moja na G "do" kesho yake bila maelezo.

Ondoa kabisa "juu" na "chini" unapozungumzia nyuzi. Uzi wa 1 ni wa juu kwa sauti, lakini uko chini kabisa gitaa likiwa limepakatwa. Sema namba ya uzi. Kwa freti, sema "kuelekea mwili" au "kuelekea kichwa cha gitaa". Utazungumza polepole kidogo siku za mwanzo, halafu itazoeleka.

Na uzi mnene ni wa 6, mwembamba ni wa 1. Irudie kwenye kila somo la mwanzo hata kama inachosha.

## Hatua ya 4: Andika somo moja kikamilifu

Usirekodi kumi kwa pamoja. Andika moja, lijaribu, ndipo uendelee. Chukua somo la 5, skeli ya meja kwenye uzi mmoja, kwa sababu ndilo linaloangusha wengi.

Chagua mahali pa kupigia. Mazoea ni kuanza na C kwenye uzi wa 5: freti 3, 5, 7, 8, 10, 12, 14, 15. Ni sahihi, ila freti ya 15 haifikiki vizuri kwenye magitaa mengi ya akustiki, na lile la klasiki mwili wake huanzia freti ya 12. Anza na G kwenye uzi wa 3 ulio wazi: 0, 2, 4, 5, 7, 9, 11, 12. Kidole kimoja kinatosha, na noti ya mwisho inaangukia kwenye alama ya freti ya 12, hivyo mwanafunzi anaona kwa macho kwamba amefika.

Dakika ya 0 hadi 1, sikio. Piga skeli nzima taratibu, kwenda na kurudi. Kisha ipige ukiishia noti ya saba, freti ya 11, unyamaze sekunde tatu. Usieleze kitu. Karibu kila mtu atajikuta anaimba noti inayofuata kichwani. Hiyo ndiyo nadharia, amekwisha kuipata kabla ya jina lake.

Dakika ya 1 hadi 3, mkono. Mwanafunzi apige pamoja na wewe, noti moja kwa kila mapigo mawili, metronomu kwenye 60. Hapa kuna kosa moja unalopaswa kulitarajia: baada ya 0, 2, 4 vidole huendelea kuhesabu mbilimbili na kutua freti ya 6. Lipige kosa hilo mwenyewe kwenye video, uliache lisikike, kisha urudi freti ya 5. Ukimkataza tu bila kumsikilizisha atalirudia kwenye uzi mwingine.

Dakika ya 3 hadi 5, jina. Sasa weka maneno: toni, toni, nusu, toni, toni, toni, nusu. Kwa freti ni 2, 2, 1, 2, 2, 2, 1. Onyesha majina: G, A, B, C, D, E, F♯, G. Lazima atokee wa kuuliza kwa nini si G♭, maana ni freti ileile. Jibu fupi: kila herufi hutumika mara moja. Ukiandika G♭, unakuwa na G mbili na huna F. Usiongeze hapo.

Dakika ya 5 hadi 7, hamisha. Freti zilezile, uzi wa 4 ulio wazi: D, E, F♯, G, A, B, C♯, D. Mwanafunzi anagundua kwamba mpangilio haujabadilika hata kidogo, kilichobadilika ni mahali pa kuanzia. Hiki ndicho kiini cha somo, kipe muda wake.

Jaribio la mwisho. "Piga skeli ya A meja kwenye uzi wa 5 kuanzia uzi wazi, ukitaja kila noti kwa sauti." Jibu, ambalo liwe ukurasa mwingine: A, B, C♯, D, E, F♯, G♯, A. Akiweza bila kusimama zaidi ya mara moja, aende somo la 6. Akipiga sawa na kutaja vibaya, arudi dakika ya 3. Akikosea freti, arudi dakika ya 1. Mwambie hivyo waziwazi chini ya video. "Rudia somo" ni ushauri usiomsaidia mtu.

Mpangilio huohuo wa sikio, mkono, jina, kuhamisha na jaribio utumike kwenye masomo mengine, hata kama dakika zitatofautiana. Kwenye somo la 8, kwa mfano, sehemu ya sikio ni E meja ikifuatwa na E maina. Mkono unainua kidole kimoja tu, cha uzi wa 3 freti ya 1, na G♯ inakuwa G. Kisha A meja na A maina: uzi wa 2, freti ya 2 inarudi ya 1, C♯ inakuwa C. Noti moja, nusu toni moja, na kodi imegeuka sura. Ndipo useme kwamba meja ni nusu toni 4 kisha 3, maina ni 3 kisha 4. Ukitanguliza namba hizo mwanafunzi atazikariri, na hatazisikia.

Jambo jingine la kuonyesha hapo: kodi ya C ya wazi hulia nyuzi tano, lakini noti ni tatu tu. C na E zinajirudia, G iko mara moja. Wengi huamini kila kidole kipya ni noti mpya.

## Hatua ya 5: Weka kamera upande anaouona mpigaji

Hapa ndipo masomo mazuri kwa maneno huharibika kwa picha.

Mpigaji wa mkono wa kulia akiikabili kamera, kichwa cha gitaa kinaonekana upande wa kulia wa mtazamaji, na uzi mnene uko juu. Lakini kwenye tabulatura, mstari wa juu ni uzi mwembamba, na freti husomwa kutoka kushoto. Mchoro wa kodi nao umesimama wima, uzi wa 6 ukiwa kushoto. Anayeanza anageuza picha tatu kichwani huku akitafuta freti ya 5. Anachoka, na hajui kinachomchosha.

Tiba ni kuweka stendi nyuma ya bega lako au juu ya kichwa, kamera ikitazama shingo ya gitaa kama unavyoitazama mwenyewe. Kichwa cha gitaa kitakuwa kushoto, uzi wa 1 juu, sawasawa na tabulatura. Kama nafasi hairuhusu, rekodi kwa mbele kisha geuza kipande cha shingo digrii 180 kwenye programu ya kuhariri. Matokeo yanakaribiana sana. Uso wako unaweza kubaki kwenye kidirisha kidogo pembeni au usiwepo kabisa.

Tumia kamera ya nyuma. Ya mbele, kwenye simu na programu kadhaa, hupindua picha kama kioo. Njia ya kuhakiki: rekodi kwa mbele sekunde tano. Kama unapiga kwa mkono wa kulia na kichwa cha gitaa kimetokea kushoto kwa mtazamaji, picha imepinduliwa.

Shingo ionekane yote, kuanzia freti ya 0 hadi ya 12, na vitone vya freti visomeke. Taa iwe upande ambao mkono hautupi kivuli juu ya nyuzi.

Sauti: maiki iwe sentimita 20 hadi 30 kutoka gitaani, ikielekea freti ya 12. Ukiielekeza kwenye tundu la sauti utapata mvumo mzito unaofunika noti. Kilele cha sauti kiwe kati ya −12 na −6 dB. Rekodi sekunde 20 za kuongea na kupiga kwa nguvu, sikiliza kwa hedifoni, kisha sikiliza tena kwa spika ya simu, kwa kuwa wengi watakusikilizia hapo. Uzi wa 6 ukipotea kabisa kwenye spika ya simu, andika chini ya video kwamba somo hilo lataka hedifoni.

Tuni kabla ya kila somo, hata kama ulituni nusu saa iliyopita.

## Hatua ya 6: Karatasi ya zoezi

Ukurasa mmoja kwa somo moja, herufi kubwa. Ukurasa wa A4 uliojaa hausomeki kwenye simu, na wengi hawatauchapisha. Tengeneza wa A5.

Uwe na mchoro mmoja wa shingo, zoezi moja, jaribio, na swali moja kutoka somo lililopita masomo mawili au matatu nyuma. Swali hilo la zamani ndilo linalozuia somo la 4 kufutika mtu akifika la 9. Ambatisha sauti mbili za kusindikiza, ya mapigo 60 na ya 80 kwa dakika, kila moja ikianza na mapigo manne matupu ya kuhesabia. Majibu yakae kwenye ukurasa wa pili.

## Hatua ya 7: Rekebisha darasa la moja kwa moja

Programu za mikutano zimetengenezwa kwa maongezi. Zinachukulia sauti inayoendelea bila kubadilika kuwa kelele, kama feni, na kuikata. Kodi inayolia sekunde sita humfikia mwanafunzi ikiwa imekufa kwenye sekunde ya pili, halafu wewe unamuuliza kama noti ya tano imetulia.

Kwenye Zoom kuna mpangilio wa sauti asilia kwa ajili ya wanamuziki, uwashe. Kwenye programu nyingine, tafuta kipengele cha kupunguza kelele na ukizime. Kuzuia mwangwi nako kukizimwa, ninyi nyote lazima mvae hedifoni, la sivyo sauti itazunguka. Jaribu hivi: piga kodi ya E, iache ilie, na umwombe mwanafunzi ainue mkono inapotoweka kwake. Mkono ukiinuka wakati bado unaisikia vizuri, mpangilio haujashika.

Kuhusu kupiga pamoja: acha. Wapigaji huanza kuvurugana sauti ikichelewa zaidi ya milisekunde 30 hivi, na simu ya intaneti huzidi hapo kirahisi. Chukua ucheleweshaji wa milisekunde 150 kwenye mapigo 100 kwa dakika. Pigo moja ni milisekunde 600, kwa hiyo mnapishana robo ya pigo. Mwanafunzi atasikika amechelewa hata kama yuko sawasawa kabisa, na ukimsahihisha unamfundisha kukosea.

Badala yake:

- Metronomu ilie kwake, wewe usikilize tu. Maiki yako iwe imezimwa.
- Piga mistari miwili ya mapigo manne, naye ajibu miwili. Kati yenu pawe na kimya, kisihesabiwe.
- Kwa kuhukumu mapigo, omba rekodi ya sekunde 30 siku moja kabla ya darasa. Rekodi haina ucheleweshaji, na ndiyo pekee inayosema ukweli kuhusu muda.

Kundi la nadharia lisizidi watu sita. Zaidi ya hapo, wawili watapiga na wengine watatazama. Katika dakika 45, tano ni za kutuni na kuhakiki sauti, kumi za maswali ya nyuma, kumi na tano za jambo jipya, kumi za kila mmoja kupiga peke yake, na zinazobaki za kupanga kazi. Darasa la moja kwa moja si mahali pa kusoma somo upya. Video walikwisha kuitazama. Kama hawakuitazama, warudishe kwenye video na utumie muda huo na walioitazama.

## Hatua ya 8: Majina ya faili

Fupi: namba ya somo kwanza, yenye tarakimu mbili, kisha aina, kisha jina. "05-video-skeli-ya-meja", "05-karatasi-skeli-ya-meja", "05-sauti-60". Bila sifuri mbele, baadhi ya programu zitaweka somo la 10 kabla ya la 2. Kila kitu cha somo moja kikae folda moja. Chini ya kila video pawe na mistari mitatu tu: unachohitaji kuweza kabla, utakachoweza baada, na kiungo cha karatasi.

## Hatua ya 9: Jaribu kwa watu watatu, kisha rekebisha

Wape wale watatu somo moja, uwatazame wakilifanya bila kusaidia. Ni ngumu kukaa kimya, lakini ukifungua mdomo jaribio limekwisha. Andika dakika ambayo kila mmoja alisimamisha video, aliporudisha nyuma, na alipokosea.

Mmoja akikwama peke yake, acha. Wawili wakikwama sekunde ileile, somo ndilo lenye kasoro. Kwa kawaida sababu ni moja kati ya hizi:

Anarudisha nyuma mara kwa mara. Unapiga na kuongea kwa wakati mmoja. Tenganisha: piga, nyamaza, ongea.

Anatazama mpaka mwisho bila kushika gitaa. Kazi ya kwanza imechelewa. Ilete kabla ya dakika ya pili.

Anapita jaribio leo, wiki ijayo hawezi. Maswali ya nyuma kwenye karatasi ni machache, au yote yanatumia ufunguo uleule wa mfano. Badilisha G iwe E au B♭.

Anaweza kwenye uzi mmoja, akivuka nyuzi anapotea. Rudi kwenye tahadhari ya uzi wa 2.

Anataja kodi za ufunguo lakini anakosea ile ya nafasi ya saba. Kwenye G kodi ni G, Am, Bm, C, D, Em, na ya saba ni F♯ iliyopunguzwa, yenye nusu toni 3 kisha 3. Nyimbo nyingi haziigusi. Mwache ataje sita kwanza, ya saba aiongeze akifika somo la 12, pale atakapoiona ikiwa imejificha ndani ya D7: F♯, A, C ni noti tatu kati ya nne za kodi hiyo.

Baada ya kuchapisha, tazama grafu ya utazamaji ya kila video. Mteremko wa sekunde 30 za mwanzo ni wa kawaida. Mteremko mkali katikati una kitu mahali hapo hasa: mara nyingi ni neno jipya ambalo halimo kwenye karatasi ya msamiati, au mchoro uliokaa skrini muda mfupi mno. Rekodi upya kipande hicho tu. Ukilazimika kubadilisha video nzima, tunza namba yake na usasishe kiungo kwenye karatasi siku hiyohiyo, kwa sababu wanafunzi walioipakua zamani wataendelea kubofya kile cha zamani, na huko hawatakuta somo.